Land Rover Series III: soma dalili kabla ya kushika spana

Gari langu ni Land Rover 109 ya Series III, injini ya petroli. Nililikuta shambani pembezoni mwa Moshi limekalia matofali, majani yamepenya sakafuni na kuku wanatagia siti ya nyuma. Kulirudisha barabarani kulinichukua miaka sita, na sehemu kubwa ya muda huo haikuliwa na kutu. Ililiwa na kazi zilizokuwa zimeshafanywa: waya uliofungwa juu ya rangi mpya, brekishu (viatu vya breki vinavyosugua dramu) zilizowekwa upande usio wake, mkeka mnene uliozuia gia isiingie mpaka mwisho. Gari la miaka 40 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama yake. Ndiyo maana likianza kusumbua najiuliza kwanza: nani alilishika mara ya mwisho, na alishika wapi?

Naandika kuhusu Series III kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli. Kwetu zilibeba wauguzi, askari wa wanyamapori, mapadri na mabwana shamba, na Oktoba 2024, Land Rover za kila umri zilipokusanyika Arusha, ilionekana wazi kuwa bado wapo watu wanaozitunza kwa mapenzi. Mwenye Series II au IIA atakuta mengi yanafanana.

Injini ya kawaida ni ya cc 2286, petroli au dizeli. Hadi 1980 krankshafti yake ilikalia beringi kuu tatu, baada ya hapo tano. Vipuri vya injini hizo mbili haviingiliani vyote, na magari mengi yameshabadilishwa injini, kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye bloku kabla ya kwenda kununua vipuri Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Usitegemee kadi ya gari peke yake. Tafuta pia spana za inchi. Spana ya 13 huonekana kama inaingia kwenye nati ya nusu inchi, na hiyo ndiyo inayoivua kona zake.

Vingine utakavyohitaji ni taa ya majaribio, mita ya umeme, fila ya kupimia mianya, geji ya kompresheni, nyundo ndogo na daftari. Daftarini andika kila ulichogusa na tarehe yake. Siku gari likikataa kuwaka, anzia ukurasa wa mwisho.

Starta inazunguka vizuri, injini haiwaki

Kwa petroli, tafuta cheche kwanza, mafuta baadaye. Chomoa waya mmoja wa plagi, uchomekee plagi nzima, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na kabureta, kisha mwenzako apige starta. Cheche nene ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ikiwa nyembamba ya njano, au haipo kabisa, nenda kwenye distribyuta.

Mwanya wa pointi, yaani swichi ndogo iliyo ndani ya distribyuta, ni milimita 0.35 hadi 0.40. Pointi mpya huja zimepakwa mafuta ya kuzikinga na kutu. Usipozifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo, unaweza kukosa cheche siku ileile uliyofunga kifaa kipya. Nyuso zake zikiungua na kuwa nyeusi upesi, shuku kondensa. Kisha itazame rota. Rota nyingi za bei rahisi zina ripiti inayoshikilia bati la juu, na umeme hupenya kwenye ripiti hiyo ukaishia kwenye shafti ya distribyuta, usifike kwenye plagi. Gari huzima ghafla likiwa la moto, likipoa linawaka kama halikuwa na tatizo lolote. Mimi nilibadilisha koili mbili kabla ya kumfikia fundi mmoja mzee wa Unga Limited, Arusha. Alifungua kifuniko, akaichomoa rota, akaitazama juani. "Mwanangu, koili zako zote ni nzima," akasema, akanitafutia rota ya zamani isiyo na ripiti kwenye kopo lake la misumari. Inafanya kazi hadi leo.

Cheche ipo, lakini injini inapiga chafya kwenye kabureta au inalipua kwenye ekzosi? Hapo angalia mpangilio. Silinda huwaka kwa utaratibu wa 1-3-4-2, namba moja ikiwa ya mbele kabisa, upande wa rejeta. Baada ya injini kufunguliwa, kosa la kawaida ni distribyuta kurudishwa ikiwa imegeuka nusu mzunguko. Toa plagi ya kwanza, ziba tundu kwa kidole, zungusha injini kwa hendeli mpaka upepo usukume kidole. Pistoni ikifika juu, rota lazima iwe imeelekea waya wa silinda ya kwanza. Ikielekea wa nne, tatizo umelipata.

Mafuta ni rahisi zaidi kuyachunguza. Pampu iliyo ubavuni mwa injini ina kijiti cha kupampu kwa mkono, na nyingi zina bakuli la kioo. Maji yatakaa chini ya bakuli kama shanga. Ukiona vumbi jekundu, hiyo ni kutu ya tanki, na ukisafisha kabureta bila kushusha tanki itaziba tena.

Kwa dizeli, injini inayokataa asubuhi na kukubali ikisukumwa inakupeleka kwenye hita plagi. Zile za asili, zenye waya mnene uliojikunja, zimeunganishwa moja baada ya nyingine katika mstari mmoja, kwa hiyo ikifa moja, zote nne zinakosa umeme. Wengi huweka aina inayojitegemea kila moja, na ni mabadiliko mazuri, ila badilisha na nyaya zake, maana sasa kila plagi inapokea umeme kamili wa betri. Dizeli ikizima njiani na kukataa kuwaka, upepo umeingia. Utoe kwenye filta kwanza, kisha kwenye pampu, halafu tafuta ulikoingilia, la sivyo utarudia kazi hiyo kilomita chache mbele.

Inawaka, lakini ina moshi mweusi na haitulii

Kabureta ya kiwandani kwenye Series III nyingi za petroli ni Zenith 36IV, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Dalili zake zinajulikana: plagi zimejaa masizi makavu, gari linakula petroli, likiwa la moto linawaka kwa shida, na skrubu ya kurekebisha mchanganyiko unaizungusha kulia na kushoto bila injini kubadilika. Fundi akishindwa kuitambua, atakwambia injini imechoka, ifunguliwe.

Usikubali bado. Ndani ya Zenith kuna bloku ndogo inayokalia chini ya kifuniko cha juu, na kati yake na kifuniko kuna oringi (pete ya mpira) moja. Oringi hiyo ikikauka, au kifuniko kikipinda kwa sababu skrubu zilikazwa kwa nguvu, petroli huvutwa kupitia kwenye upenyo bila kupimwa na jeti. Ndiyo maana skrubu haina athari: mafuta hayapiti pale unaporekebisha.

Toa kifuniko. Weka karatasi ya msasa laini juu ya kioo kinene, kisha sugua uso wa kifuniko taratibu kwa mwendo wa duara. Baada ya mizunguko michache utaona sehemu zilizoguswa zinang'aa na zile zilizopinda zimebaki na rangi ya zamani. Endelea mpaka uso mzima ung'ae sawasawa. Fanya hivyo na bloku. Weka oringi mpya ya mpira unaostahimili petroli. Ya mpira wa kawaida itavimba ndani ya wiki. Ukirudisha, kaza skrubu kidogo kidogo ukivuka kutoka kona hadi kona, na usitumie nguvu.

Kama baada ya hapo injini bado inapanda na kushuka yenyewe, tafuta upepo unaoingia pasipostahili. Sikiliza chini ya kabureta, kwenye manifoldi, na kwenye hozi ya kiongeza nguvu cha breki kama gari lako linacho. Shika shafti ya kipepeo cha kabureta uitikise. Ikicheza sana, tundu limelika na litahitaji bushi ya shaba kutoka kwa mchonga vyuma. Watu wengi huamua kuweka kabureta ya Weber ya bei nafuu na kuachana na Zenith. Si vibaya, lakini nimeona Zenith iliyosuguliwa vizuri ikivuta mlima kwa nguvu kuliko hiyo Weber, na ilirekebishwa kwa bei ya oringi na karatasi ya msasa.

Taa zinafifia, starta inabofya tu, geji zinadanganya

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya aluminiamu, chasisi ni ya chuma, na umeme wa kila taa hurudi kwenye betri kupitia hivyo viwili. Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu huoza na kutoa unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Ongeza rangi mpya iliyopulizwa vizuri kila mahali, hata chini ya bolti za ethi (nyaya za kurudisha umeme kwenye betri), na utapata gari linalong'aa lisilowasha taa za nyuma.

Kipimo ni rahisi. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige starta. Ukisoma zaidi ya nusu volti, waya wa ethi kati ya injini, chasisi na betri ni mbovu au umefungwa juu ya rangi. Kwangu nilikwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, nikafunga mkanda mpya wa shaba kutoka gia boksi hadi chasisi, nikapaka grisi juu. Starta niliyokuwa nimeambiwa imekufa ikazunguka kwa nguvu. Fanya vivyo hivyo kwa taa: badala ya kuitegemea bodi, peleka waya mweusi wa kila taa mpaka sehemu moja ya chasisi.

Kisa kingine cha ethi huwatisha watu bila sababu. Geji ya joto inapanda hadi kwenye nyekundu, unasimama, unafungua boneti, hakuna mvuke. Tazama geji ya mafuta: nayo imepanda? Geji hizo mbili hupokea umeme kupitia kidhibiti kimoja kinachoushusha hadi volti 10. Kidhibiti kikikosa ethi nzuri nyuma ya dashibodi, geji zote mbili husoma juu kwa pamoja. Zikipanda pamoja, usiguse rejeta.

Linachemsha kweli

Ikipanda geji ya joto peke yake na mvuke unaonekana, anza na vitu vya nje: mkanda wa feni, hozi ya chini inayojibana injini ikizunguka kasi, kifuniko cha rejeta, themostati. Gari likiwa la moto, zima injini na upitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuigusa. Sehemu iliyo baridi katikati ya moto imeziba. Kwa injini iliyofunguliwa karibuni, angalia na muda wa cheche. Distribyuta iliyochelewa huifanya injini ichemshe bila rejeta kuwa na kosa lolote.

Sehemu inayosahaulika ni nyuma ya bloku. Magari haya yamenyweshwa maji ya mtoni kwa miongo, na matope hutulia kuzunguka silinda ya nne. Fungua plagi ya kutolea maji ubavuni mwa bloku. Kama hakuna kinachotoka, chokonoa kwa waya mpaka tope litoke, kisha safisha kwa maji ya bomba hadi yawe meupe. Pima kompresheni pia: silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imetoboka kati yao.

Breki zinahitaji kupampuliwa mara mbili au tatu

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi, na karibu kila mtu hukimbilia kutoa upepo. Hutoa lita moja ya mafuta ya breki, pedeli inabaki vilevile. Kwanza uliza: je, ikipampuliwa inapanda na kuwa ngumu? Ikiwa ngumu lakini juu tu baada ya kupampu, upepo si tatizo la kwanza. Brekishu ziko mbali na dramu, na mikanyago ya kwanza inatumika kuzisogeza.

109 ina dramu za inchi 11. Mbele, kila tairi lina silinda mbili, na kila brekishu ina kirekebishi chake kwa nyuma ya bati. Inua tairi, zungusha kirekebishi mpaka tairi ligome kabisa, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke huku likigusa kwa mbali. Zunguka matairi yote manne. Kirekebishi kikijizungusha chenyewe bila kushika, springi yake imekufa au kutu imeila, na utaona pedeli inashuka tena baada ya siku chache. Gari lililofungwa dramu mpya na brekishu mpya pamoja litahitaji kurekebishwa mara kadhaa mpaka nyuso zizoeane.

Ukishakuwa na hakika na virekebishi ndipo utoe upepo. Kwa 109 ninaona hivi inasaidia: kaza virekebishi vyote mpaka matairi yagome, ili silinda zibaki zimejibana ndani, kisha toa upepo ukianzia tairi lililo mbali zaidi na masta silinda. Ukimaliza rudisha virekebishi. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 peke yake. Nimekuta gari lililojazwa mafuta ya injini "kwa dharura", na mpira wote wa mfumo ulikuwa umevimba, kuanzia masta silinda hadi hozi za mwisho. Hapo hakuna cha kuokoa; vyote vinatoka.

Gari likivuta upande mmoja baada ya ukarabati, fungua dramu zote mbili za mbele na uzifananishe. Brekishu na silinda za kulia na kushoto hazifanani, na springi iliyofungwa tundu lisilo lake inatosha kulipeleka gari kwenye mtaro.

Na breki ya mkono. Haiko kwenye matairi. Ni dramu moja nyuma ya gia boksi, inayoshika propela shafti. Kwa hiyo ukiinua tairi moja la nyuma kwa jeki gari likiwa mteremkoni, difu italiachia lizunguke, na gari linaweza kubingirika huku breki ya mkono ikiwa imevutwa mpaka juu. Weka mawe kwenye matairi kila mara, hata uwanjani kwako.

Usukani unatetemeka ukigonga shimo

Ukifika kilomita 60 hivi kwa saa, tairi la mbele likagusa shimo, usukani unaanza kutikisika kwa nguvu mpaka upunguze mwendo. Wengi hufunga shokomzoba ya usukani na kuona limekwisha. Limefichwa tu.

Inua tairi la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki huku ukiendelea. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni pini za juu na chini kwenye mpira wa ekseli (tufe la chuma mwishoni mwa ekseli), na kwenye Series III pini ya juu hukalia bushi ya Railko ambayo hulika. Chini ya pini ya juu kuna shimu (vipande vyembamba vya bati), na shimu zikizidi usukani unakuwa mlegevu kiasi cha kuanza kutikisika wenyewe. Badilisha bushi, punguza shimu mpaka mpira ugome kidogo ukiuzungusha kwa mkono. Baada ya hapo ndipo ukague tairodi endi, bushi za springi na upimaji wa matairi: mbele yanatakiwa yaelekeane kwa milimita 1.2 hadi 2.4.

Usukani ukiwa mgumu na usiorudi wenyewe, hasa kwa gari lililokaa muda mrefu, chunguza kipokezi cha usukani kilichosimama ndani ya kiunzi cha mbele ya chasisi, nyuma ya grili. Hakina grisi, kina mafuta, na kama hayakuongezwa kwa miaka mingi kimekauka. Kukitoa ni kazi ngumu na ina hatari, kwa sababu ndani kuna springi kali iliyobanwa. Jaribu kwanza kukijaza mafuta na kukiacha siku kadhaa.

Gia inaruka, au gari halisogei kabisa

Gia ya pili au ya tatu ikiruka, usishushe gia boksi siku hiyo. Angalia mipira inayobeba injini na gia boksi. Ikioza, vyote vinajisukuma mbele na nyuma na kuitoa gia. Angalia kama rungu la gia linagusa sakafu mpya uliyoweka. Yakiwa mazuri, fungua springi na gololi ndogo zinazoshika gia mahali pake, ambazo zinafikiwa bila kushusha kitu. Zaidi ya hapo ni ndani, na kazi ni kubwa.

Rivasi ikilia meno, kanyaga klachi, hesabu hadi tano, ndipo uingize. Rivasi haina sinkro. Ikiendelea kulia hata baada ya kusubiri, klachi haiachii, na kosa huwa kwenye silinda zake za mafuta mara nyingi kuliko kwenye sahani.

Halafu kuna siku utasikia mlio mmoja mkali, injini inazunguka, gia imeingia, na gari limesimama. Hafushafti ya nyuma, shafti inayotoka difu hadi kwenye tairi, imekatika. Funga habu za mbele kama zipo za kufunga na kufungua, kanyagia chini kirungu cha manjano kinachoingiza fowili (matairi yote manne), uachie klachi taratibu. Gari likisogea kwa ekseli ya mbele, umethibitisha. Kumbuka kuwa breki ya mkono nayo imekufa, kwa sababu ilikuwa ikishika kupitia shafti hiyohiyo. Toa vipande kabla ya safari ndefu, visije vikaingia kwenye meno ya difu. Kilichobaki ndani husukumwa kwa nondo ndefu kutoka upande wa pili baada ya kuchomoa hafushafti nzima.

Kirungu hicho cha manjano kikikataa kutoka baada ya kupita lami, gari limejikaza. Series haina difu ya katikati. Mbele na nyuma vimefungwa pamoja, na kwenye kona ya lami tairi haziwezi kuteleza zikasawazisha. Rudi nyuma mita chache, simama, vuta rungu jekundu la gia nzito na nyepesi nyuma kisha ulirudishe mbele. La manjano litaruka juu lenyewe.

Baada ya mabadiliko

Sipingi mabadiliko. Watu wanazitumia gari hizi kazini, na petroli imepanda. Lakini kila nguvu unayoongeza huenda kutafuta kifaa kinachofuata kwa udhaifu, na ni bora ujue ni kipi. Injini ya petroli ya asili hutoa msukumo wa karibu Nm 160. Injini ya dizeli yenye turbo ya 200Tdi ya Discovery, inayopendwa kwa kuwa inakaa bila kuukata sana mwili wa gari, hutoa karibu 265. Nguvu hiyo inapita kwenye gia boksi ileile na, kwa gari fupi, kwenye hafushafti zilezile nyembamba zenye meno 10. Ukisikia gia boksi inaguna kwenye gia ya tatu miezi michache baada ya kubadilisha injini, mguu wako ndio dawa ya kwanza.

Watu huongeza difu za uwiano wa 3.54 za Range Rover badala ya 4.7 ya asili ili gari likimbie bila injini kupiga kelele. Difu hizo zinaingia kwenye ekseli za Rover. 109 nyingi za Series III zina ekseli ya Salisbury nyuma, nene na imara, na difu hizo haziingii humo. Nimekutana na gari lililofungwa 3.54 mbele na kuachiwa 4.7 nyuma. Kwa kawaida liliendeshwa vizuri. Siku ya kwanza kuweka fowili matopeni liligoma, likavunja jointi ya mbele. Hesabu uwiano wa difu zote mbili kabla: weka alama kwenye propela na kwenye tairi, zungusha, hesabu.

Gari likiinuliwa kwa springi mpya au shekeli ndefu na kuanza kutangatanga barabarani, pembe ya kasta (mwinamo wa pini za usukani kuelekea nyuma) imebadilika. Ya asili ni nyuzi 3, na inarudishwa kwa kabari kati ya springi na ekseli. Mtetemo mpya unaoongezeka na mwendo utautafuta kwenye pembe ya propela. Kisha ning'iniza ekseli kwa jeki na utazame hozi za breki: zikinyooka kama uzi, agiza ndefu kabla ya kutoka getini.

Matone chini na milango isiyofunga

Tone likianguka chini ya kiunganisho cha injini na gia boksi, linuse. EP90 ya gia boksi ina harufu kali ya kiberiti, mafuta ya injini hayana. Pale chini kuna tundu lenye plagi ya kuzuia maji mtoni. Plagi hiyo hukaa nje siku zote, huwekwa tu kabla ya kuvuka. Ikiachwa, mafuta hujaa ndani na kulowesha klachi, na utalaumu sahani mpya kwa kuteleza.

Milango isiyofunga sawa huwatuma watu kwa mnyooshaji bodi. Mimi huingia chini na nyundo. Gonga chasisi kuanzia mbele. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Magari ya Tanga na Mombasa huanza kuoza kwenye kiunzi cha nyuma cha chasisi na mikono ya pembeni. Kama chasisi inabidi ikatwe, fanya hivyo bodi ikiwa juu yake, milango imefungwa, na vyuma vya muda vimeunganishwa kuishika, au hutapata tena mlango wa kufunga.

Safari ya kwanza iwe kilomita 50, barabara unayoijua. Ukisimama, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila habu. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, beringi imekazwa mno au brekishu inabana. Endesha hivyo wiki mbili bila mzigo, na kilomita 500 zikifika, ingia chini na spana ukaze upya nati za yubolti zote nane, maana springi mpya zitakuwa zimeshakaa na nati zitakuwa zimelegea.